Msimwachishe Mtoto Chapati Kabla ya Kipimo



Kuna ugonjwa uitwao siliaki. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Vijidole vidogo vya utumboni vinavyofyonza chakula husinyaa. Kijana huharisha, hukonda, hudumaa au hupungukiwa damu.

Vipimo huanza na damu. Ikihitajika, daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi utumboni. Baadhi ya kamera hizo humulika kwa mwanga wa buluu na kijani, vijidole vikaonekana vizuri, naye akajua pa kuchukua vinyama vya kupimwa maabara.

Tatizo ni haraka yetu. Mzazi akisikia ngano ndiyo inayoshukiwa, siku hiyo hiyo anazuia chapati, mandazi na sambusa. Utumbo huanza kupona, dalili katika damu hupungua, na kamera, hata iwe bora vipi, yaweza isione kitu. Mtoto ataambiwa ni mzima, kumbe ana ugonjwa wa maisha.

Kwa maoni yangu, huko ni kumficha daktari ugonjwa. Aendelee kula ngano mpaka daktari amalize vipimo. Ukithibitika, ndipo aiache moja kwa moja. Wali, muhogo na ugali wa mahindi havina gluteni. Tusubiri kwanza.