Uwanja wa ndege si kituo cha mpakani: sheria hii tuelezwe kwa Kiswahili

Biashara yetu imekua. Zamani aliyetoka Makamba kwenda Kigoma kwa njia ya Mugina na Manyovu alihesabiwa kuwa msafiri. Leo wapo akina mama waliokwenda Guangzhou mara nne na hawajafika Gitega hata mara moja. Tatizo ni kwamba wengi wanaingia uwanja wa ndege na tabia ile ile ya mpakani, na huko sheria ni nyingine kabisa.

Pale Kobero au Gatumba ukibishana na afisa, mabishano ni ya ushuru. Mwishowe utalipa, au utarudishwa, au utalala hapo hadi kesho. Uwanja wa ndege neno moja la utani linaweza kukupeleka mahakamani. Mkataba wa Montreal wa 1971 unasema kuwa mtu anayetoa habari anazojua ni za uongo, na kwa hizo akahatarisha ndege iliyo safarini, ametenda kosa la jinai. Amewekwa katika orodha moja na aliyeficha kitu cha kulipuka ndani ya ndege. Ziko nchi ambazo zimekwenda mbali zaidi, zikamtia hatiani hata anayetania kuhusu bomu akiwa bado kwenye foleni ya ukaguzi. Kwa hiyo yule bwana anayependa kumwambia askari "humu nimebeba bomu" ili watu wacheke, na aache.

Ndugu msomaji, sheria hizi hazikutungwa kwa ajili ya kutusumbua sisi wenye mabegi ya vitenge. Ukanda wetu umeonja yaliyozileta. Mwezi Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa ikaletwa Entebbe, na serikali ya Idi Amin badala ya kuwakamata watekaji ikawakaribisha. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliiteka ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, wakitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Walizunguka nayo Nairobi, Jeddah na Athens, wakajisalimisha Stansted, Uingereza. Wazee wa Ulyankulu, nilikokulia na kusoma, walikuwa bado wakilisimulia jambo hilo nilipoanza shule. Kilichowashangaza ni kwamba vijana wale walihukumiwa huko huko Uingereza wakati ndege ilitekwa Tanzania. Lakini ndivyo Mkataba wa The Hague wa 1970 unavyotaka: nchi itakayomkamata mteka ndege imfikishe mbele ya sheria yake, au impeleke kwa nchi inayomdai. Asipate pa kujificha.

Na sisi Burundi tunayo yetu. Tarehe 4 Desemba 2000 ndege ya shirika la Sabena ilimiminiwa risasi ikikaribia kutua Bujumbura. Watu wawili walijeruhiwa, na Sabena ikasimamisha safari zake za kuja kwetu. Miaka miwili baadaye, Novemba 2002, wenzetu wa Mombasa walishuhudia makombora yakirushwa kuelekea ndege ya Israeli iliyokuwa ikipaa. Bahati nzuri yalikosa shabaha. Shirika la ndege likikimbia, anayeumia si waziri. Waziri atapata njia nyingine. Anayeumia ni mwenye duka ambaye mzigo wake sasa utazunguka kwa lori kwa wiki nzima.

Kuna lingine ambalo sisi tuliokuwa wakimbizi lazima tuliseme kwa sauti. Novemba 1996 vijana watatu waliiteka ndege ya Ethiopian Airlines wakitaka wapelekwe Australia wakapewe hifadhi. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija, na watu 125 kati ya 175 waliokuwemo wakafa. Hifadhi haiombwi kwa roho za watu. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 wenyewe unamnyima hifadhi aliyetenda kosa zito lisilo la kisiasa kabla ya kupokewa, na wakimbizi wa kweli, waliovuka Malagarasi na mtoto mgongoni, ndio waliozidi kutiliwa shaka kwa sababu ya watu wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye vifurushi, maana hapa ndipo hatari yetu ilipo. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Bomu lilikuwa ndani ya redio kaseti, redio ikiwa ndani ya sanduku ambalo mwenyewe hakuwemo ndani ya ndege. Uingereza ikaiongezea nguvu sheria yake ya usalama wa ndege ya 1982, na kuanzia 1990 kudanganya kwa makusudi kuhusu mzigo wako ukiulizwa likawa kosa. Ndiyo maana unaulizwa: begi hili umelifunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Sisi tunajibu haraka "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa la pili, huku ndani ya begi kuna bahasha ya shemeji, dawa za jirani, na simu tatu za mtu aliyetukuta mlangoni tukiondoka. Desturi yetu ya kubebeana mizigo ni nzuri, ilitulisha ukimbizini. Lakini usichokifungua ukakiona kwa macho yako, usikipandishe ndege. Shemeji akinuna, na anune.

Yafaa pia kujua mamlaka ya rubani. Kwa Mkataba wa Tokyo wa 1963, milango ya ndege ikishafungwa, yeye ndiye mwenye amri. Anaweza kuagiza mlevi afungwe mikono, anaweza kuwaomba abiria wamsaidie, anaweza kumshusha mtu kituo cha njiani na kumkabidhi kwa polisi wa nchi ambayo mtu huyo hana hata ndugu. Na akitenda kwa mujibu wa mkataba huo, hashitakiwi kwa hayo.

Pamoja na yote hayo, nguvu hizi zina mipaka, na serikali zetu hazipendi kuitaja. Mwaka 2006 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilifuta kifungu kilichoruhusu jeshi kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa, ikisema serikali haina haki ya kuua watu wasio na hatia ili kuokoa wengine. Ikiwa katika hatari kubwa namna ile kuna mpaka, basi na kwenye meza ya ukaguzi upo.

Mama mmoja ninayemfahamu, muuza mawese, alisimamishwa katika kiwanja kimoja cha ukanda huu na chupa ya lita moja ndani ya begi la mkononi. Ni kweli, tangu 2006 viwanja vingi vimekataza kuingia ndani ya ndege na kimiminika kinachozidi mililita 100 katika chombo kimoja. Afisa alimwambia ametenda kosa la ugaidi. Alilia, akatoa dola 50, akaachiwa yeye na mawese yake. Hebu tazama! Kama chupa ile ilikuwa hatari, mbona ilipanda ndege baada ya dola 50? Na kama haikuwa hatari, ugaidi ulitoka wapi?

Kukutwa na kitu kisichoruhusiwa begini, ambacho hukukificha wala si silaha, kwa kawaida maana yake ni kwamba utakiacha hapo, au utakirudisha kwenye mzigo mkubwa kama muda upo. Ukikataa kukaguliwa, hutasafiri. Kushitakiwa ni hatua nyingine, yenye polisi, maandishi na mahakama. Mama yule hakuijua tofauti hiyo, na afisa alijua kwamba haijui.

Nionavyo mimi, dawa yake haina gharama kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inacho chombo chake cha kusimamia usalama wa anga, CASSOA, kilichoanzishwa 2007, makao yake Entebbe. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wake. Basi CASSOA na mamlaka za nchi ziandike ukurasa mmoja wa Kiswahili: vitu gani vinakatazwa, maneno gani ni kosa, afisa anaruhusiwa kufanya nini na hana ruhusa ya kufanya nini, na ukidaiwa fedha bila risiti upige simu namba gani. Ubandikwe mahali foleni inapoanzia, kabla mtu hajavua viatu. Kiwanjani alikosimamishwa mama yule kuna ubao mzuri wa Kifaransa na Kiingereza, na nusu yake ya chini haina kitu.