Waingereza, Lipeni Kiinua Mgongo cha Wazee wa Keya

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la tatu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyetumikia vikosi vya makoloni ya Afrika aliwekewa kiinua mgongo cha shilingi 10 kwa kila mwezi aliokaa jeshini. Mwafrika wa cheo hichohicho akawekewa shilingi 3.50. Wape wote wawili miaka minne ya vita. Mzungu anaondoka na shilingi 480, Mwafrika na 168. Zinazobaki ni 312. Ziko wapi?

Wala nisiambiwe haya ni maneno ya vijiweni. Waraka wenye viwango hivyo ni wa Waingereza wenyewe, na mwaka 2019 mwandishi wa habari Jack Losh aliuanika hadharani. Humo hamna karani aliyekosea kujumlisha. Mna mpango uliokusudiwa: cheo kikatazamwa, muda ukatazamwa, kisha rangi ya ngozi ikatazamwa, na kalamu ikakata karibu theluthi mbili.

Askari ninayemtetea simpi jina, maana hakuwa mmoja. Kenya peke yake ilitoa wanaume karibu 98,000. Lakini mji nitampa. Awe wa Kangundo, Ukambani, kwa kuwa Wakamba ni miongoni mwa waliojaza Keya, lile jeshi la kikoloni la King's African Rifles, kuliko jamii nyingi za Kenya. Na kabla hamjaniuliza alikuwa akitafuta nini huko, kumbukeni yaliyowapata watu wake mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio kwamba mifugo imeizidi ardhi, ikawauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kikawa tayari pale Athi River kuwapokea. Muindi Mbingu akaongoza umati kutoka Machakos hadi Nairobi kumdai gavana mifugo yao. Yeye akahamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali ikarudi nyuma, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba chuki ile ingeingia jeshini na kwenye polisi, ambako Wakamba walikuwa wengi. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Watu walewale wakatakiwa watoe vijana wao.

Na jamii yake haikuwa ngeni kwa vita vya Mzungu. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, msako mkubwa wa wapagazi ulipita vijijini, ukakusanya wanaume wa kuwabebea Waingereza mizigo wakimkimbiza Mjerumani von Lettow-Vorbeck kutoka Tanganyika hadi Msumbiji. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam, leo makao ya kelele za Simba na Yanga, na Kariokor ya Nairobi, zote zina asili katika kambi za wapagazi hao. Makaburi yao je? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe, Aprili 2021, kwamba wafu wa vita vile wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akasimama bungeni akaomba radhi. Kisha akaketi.

Kijana wetu wa Kangundo akaingia jeshini 1942. Wapo walioingia kwa hiari, kwa sababu ya mshahara na kodi ya kichwa. Wapo waliosukumwa na machifu. Akavishwa kaptura na buti, akafundishwa redio au gari au bunduki, akapakiwa melini Kilindini kuelekea Ceylon. Baadhi ya wenzake hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika wakapelekwa Burma. Mvua za masika ya huko zilipopiga 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopewa Bonde la Kabaw, kutoka Tamu kuelekea Kalewa, penye matope ya kumeza lori na homa zilizoangusha watu kila siku. Walilipita bonde lile wakipigana, wakaufikia mto Chindwin, na Desemba jeshi likavuka.

Kitu kimoja kuhusu maisha ya kambini nakirudia kila nipatapo nafasi, kwa sababu watu hawaamini. Jeshi la Uingereza liliwaondolea askari wake viboko mwaka 1881. Askari wa Keya bado alikuwa akichapwa viboko miaka ya 1940. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anayebeba bunduki ya mfalme, analazwa chini kama mwizi wa kuku. Halafu unaambiwa alikuwa anapigania uhuru wa dunia.

Vita vikaisha. Hapa ndipo hesabu ya 312 inapoanza kuwa maisha ya mtu. Mzungu aliyerudi kutoka vitani alifunguliwa mpango wa makazi kwenye Nyanda za Juu, ardhi ambayo amri ya 1939 ilikwisha kuzungushia ua ili Mwafrika asiimiliki. Alipata shamba, akapata mkopo. Mkamba wetu akarudi na shilingi zake 168 na medali, akakuta kinamsubiri kipande, kile kitambulisho alicholazimishwa kubeba. Alijua kuendesha lori, hakuwa na fedha za kununua lori. Alikuwa na kipande cha shamba kwenye vilima ambavyo leo vinajulikana kwa kahawa, lakini wakati ule hakuruhusiwa kuipanda. Hiyo ilikuwa haki ya setla. Ukitaka kujua shilingi 312 zilikuwa na maana gani mwaka 1946, usitazame thamani yake leo kwenye kikokotoo. Tazama duka ambalo halikufunguliwa na watoto ambao hawakupelekwa shule.

Baadhi ya askari hao hawakunyamaza. Waruhiu Itote wa Nyeri alipigana Burma akiwa koplo wa Keya, akarudi, akafanya kazi ya reli, na miaka ya 1950 akawa Jenerali China wa Mau Mau, msituni Mlima Kenya, akiwapiga vita wale waliomfundisha kupiga shabaha. Bildad Kaggia wa Murang'a alirudi kutoka jeshini akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, kisha mmoja wa waliohukumiwa kifungo Kapenguria. Waingereza walishangaa. Walikuwa wametegemea nini?

Wengi zaidi waliishi kimya, na wakati wa hali ya hatari kuna waliotupa medali zao kwa kuogopa kuonekana vibaraka wa mkoloni. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi, akaenda hadi makaburi ya Kariokor, akawakabidhi wazee wachache medali mpya badala ya zile. Magazeti yakajaa picha. Jioni ya kuamkia siku hiyo, kwenye dhifa ya taifa, mfalme alieleza huzuni na majuto kuhusu maovu ya ukoloni, akakwepa kuomba msamaha. Mimi sina ugomvi na mzee wa miaka mia aliyefurahi kuvishwa medali. Ilikuwa haki yake. Ugomvi wangu ni na serikali iliyompa chuma huku ikijua, tangu 2019 kwa uchache, kwamba inadaiwa fedha.

Wataniambia kuna msaada. Naam, mwaka 2018 London ilitangaza takriban pauni milioni 12 kwa maveterani maskini wa Jumuiya ya Madola, ziwatoshe kula milo miwili kwa siku. Milo miwili! Mdeni wako akikuletea sahani ya ugali badala ya fedha zako, utamwita mfadhili? Sadaka ina nafasi yake, lakini haifuti daftari.

Wataniambia pia kwamba ni zamani mno. Hoja hii ndiyo inayonichemsha kuliko zote. Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake, miaka ya 1830, ilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia wenye watumwa, siyo watumwa, ikakopa kwa ajili hiyo. Mkopo ule ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Taifa lililotunza deni la mabwana wa watumwa kwa karibu miaka 180, pasipo kulisahau hata bajeti moja, lina uso gani wa kutuambia kwamba 1945 ni zamani?

Tena tunajua jinsi wanavyolipa. Wanalipa wakishtakiwa. Wazee wa Mau Mau walikwenda mahakamani London, wakabishiwa miaka, na Juni 2013 William Hague akatangaza pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Hawakupata fedha hizo kwa dhifa wala kwa gwaride. Walizipata kwa mawakili na majalada.

Na hapa nawageukia viongozi wetu. Wanajua kusimama wima wimbo wa taifa ukipigwa mbele ya wageni, wanajua kuweka mashada ya maua makaburini. Wakienda London wanazungumzia biashara ya maua na chai na mazoezi ya majeshi ya Uingereza kule Laikipia. Kwa nini faili la kiinua mgongo lisiwemo kwenye mkoba? Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zikipeleka dai moja, kwa majina na namba za jeshi, London itajibu nini? Walioko hai ni wachache sana, hilo ni kweli. Basi walipwe wajane, watoto na wajukuu, pamoja na riba.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha jeshi cha babu, kitoe sandukuni wiki hii. Nakili namba yake, kikosi chake, mwezi alioingia na mwezi alioachishwa. Hesabu miezi, zidisha kwa shilingi 6.50. Itie sahihi karatasi hiyo, uipeleke kwa mbunge wako, na nakala nyingine umpe wakili.