Saa za yaya nani anazihesabu?

MSOMAJI mpenzi, hebu leo tuanze kwa hesabu ndogo. Yule binti anayekutunzia watoto huamka saa ngapi? Tuseme ni saa kumi na moja alfajiri, ili uji uive na watoto wavae sare kabla ya basi la shule kupiga honi langoni. Hulala saa ngapi? Tuseme saa nne za usiku, akiisha kuosha vyombo vya chajio. Hizo ni saa 17. Toa saa tatu za kula na kupumzika, zinabaki 14. Zidisha kwa siku sita, nawe utapata saa 84 kwa wiki.

Sasa fungua sheria. Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya, ambayo humtaja yaya na mtumishi wa nyumbani waziwazi, yasema kwamba wiki ya kawaida ya kazi ni saa 52 katika siku sita. Saa zinazozidi hapo hulipwa ovataimu: mara moja na nusu siku za kazi, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Isitoshe, saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa hazifai kupita 116 katika wiki mbili. Kwa maneno mengine, ovataimu yenyewe ina mpaka wa saa 12 katika wiki mbili. Yaya wa saa 84 anafikisha 168. Hata ukimlipa, umekwisha kuvuka mpaka.

Huenda ukauliza saa moja ya mtu anayelipwa kwa mwezi huhesabiwaje. Njia ni rahisi. Chukua mshahara wa mwezi, ugawanye kwa 225. Amri iliyoanza Novemba 1, 2024 iliweka kima cha chini cha kazi hiyo katika Nairobi na Mombasa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukigawanya utapata kama Sh71.60 kwa saa. Basi saa ya ziada ni karibu Sh107.40, na saa ya siku ya mapumziko ni karibu Sh143.20. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo ulizia kipya katika ofisi ya leba iliyo karibu nawe kabla ya kupiga hesabu yako.

Kwa kiwango hicho, zile saa 32 zinazozidi kila wiki ni zaidi ya Sh13,700 kwa wiki nne. Hizo zakaribia kuwa mshahara wa pili! Ndizo fedha ambazo familia nyingi za mjini hukopa kwa binti huyo bila kumwambia.

Najua jawabu lako: "Lakini huyu analala kwangu na kula kwangu!" Ni kweli, na ni jambo jema. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kukaa panapofaa au amlipe fedha za kodi. Katika amri ya mishahara, marupurupu hayo ni asilimia 15 ya kima cha chini, yaani kama Sh2,417. Basi kitanda unachompa kinachukua nafasi ya fedha hizo. Hakinunui usiku wake. Nayo nguo kuukuu unayompa mwisho wa mwezi ni zawadi, kwani mshahara hulipwa kwa shilingi za Kenya.

Vipi kuhusu chupa ya chai iliyovunjika? Sheria yakuruhusu kukata kiasi cha haki ikiwa aliiharibu kwa makusudi. Kuteleza mkono si makusudi.

Nawe mfanyakazi usidhani haki ni ya upande mmoja. Ukikosa kazini bila ruhusa, siku hizo zaweza kukatwa. Ukilipwa kwa mwezi na ungependa kuacha kazi, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Kwenda nyumbani Krismasi kisha kuzima simu si kuaga. Mwajiri naye anafungwa na siku hizo hizo, la sivyo akulipe badala ya notisi. Na usisahau siku 21 za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Enyi wanafunzi mnaofanya kazi dukani wakati shule zimefungwa, hesabu ya saa za ziada yawahusu pia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunueni daftari moja la kurasa 96. Kila jioni andikeni saa ya kuanza, saa ya kupumzika na saa ya kumaliza, kisha wote wawili mtie sahihi mwisho wa wiki. Daftari hili linamlinda mwajiri pia. Kazi ikifika miezi mitatu, sheria yataka mkataba wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Mkifika mahakamani naye hana mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Madai yenyewe yaweza kuletwa hadi miaka mitatu baadaye.

Wako watakaosema, "Mimi mwenyewe mshahara wangu ni mdogo, nitazitoa wapi fedha hizo?" Jawabu langu ni hili: ikiwa huna uwezo wa kulipa saa hizo, zipunguze. Baba aoshe vyombo vya chajio. Watoto wakubwa wapige pasi sare zao. Watoto wakiwa shuleni mchana, mwache yaya apumzike bila kuitwa. Mgala muue na haki umpe.

Wengi wetu hununa mkubwa wa ofisi anapotuzuia hadi saa moja jioni bila ovataimu. Basi kumbuka kwamba huko nyumbani mkubwa ni wewe. Sheria yampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ikiwa ya yaya wako ni Jumapili, inua macho kutoka gazetini kidogo. Yuko wapi sasa hivi, na anafanya nini?