Hatice ana haki ya kulia, siyo ya kuteka mtu

Ndugu mwandishi, katika makala yako Hatice umemtetea kupita kiasi. Sisi tuliofuatilia tamthilia ya Sultan kwa Kiswahili kupitia Azam TV, kuanzia Tanga mjini mpaka Pangani, tulimlilia sana mumewe, Ibrahim Pasha. Aliuawa mwaka 1536 kwa amri ya Sultani Suleiman, rafiki yake wa tangu ujana na, katika tamthilia, shemeji yake. Mjane gani asingepasuka moyo?

Huku kwetu pwani mfiwa hasusiwi msiba wake. Mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, majirani wanampikia, wanashinda naye. Hata mtu akiuliwa, dini imewapa warithi haki ya kudai kisasi mbele ya kadhi, na kusamehe imekusifu zaidi. Kuviziana gizani haikuruhusu.

Hatice alifanya nini? Kaka yake Suleiman, aliyetoa amri ya kumuua Ibrahim, alimwacha kwenye kiti chake, akamteka Hürrem, mke wa Suleiman. Najua Hürrem ana fitina zake, na mkono wake katika kifo kile siukatai. Lakini Cihangir, mtoto mgonjwa wa Hürrem, alimkosea nini shangazi yake hata anyang'anywe mama?