Masako: anayeanza kukimbia asichekwe

Barabara ya zamani ya Buta inatoka Kisangani kuelekea pori la Masako, karibu kilomita 14 toka mjini. Wakulima wanaipita kila siku kwa miguu ao kwa kinga, wakipeleka makala na mihogo sokoni, wala hakuna anayewacheka. Lakini mtu mnene akijaribu kukimbia asubuhi, maneno yanaanza: “Huyu mkubwa amefukuzwa na nani?” Wengi wanarudi nyumbani na hawatoki tena.

Kicheko hicho kina bei. Bado kuna wanaoona kitambi kuwa alama ya maisha mazuri, kumbe kinaongeza hatari ya ugonjwa wa sukari, wa damu kupanda na wa moyo. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaomba mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa juma. Kutembea haraka dakika 30, siku 5, kunatosha.

Mwenye uzito mkubwa asikimbilie Masako siku ya kwanza, kwa sababu magoti yake ndiyo yanabeba mzigo wote. Atembee kwanza majuma machache. Kisha akimbie dakika 1, atembee 2, polepole, akiwa bado anaweza kuongea, na apumzike siku inayofuata. Atoke mapema, mbele ya joto. Anayeumwa kifua ao mwenye damu kupanda amuone muganga kwanza.

Wengine nao wana kazi yao: mwenye pikipiki apunguze mwendo, jirani amsalimie. Anayetafuta afya yake hastahili kuchekwa.