Neno la Toleo Hili: Kukanyaga

Safari hii neno letu halikutoka darasani. Tulilipata Dubai, kwa mjomba wa mmoja wetu, ambaye hununua magari yaliyotumika huko Ras Al Khor na kuyapeleka Mombasa.

Gari lilichomoka kwenye jeki likamwangukia. Alivunjika fupa la paja, muundi na mbavu mbili. Akapasuliwa, akatiwa chuma ndani ya fupa la paja na bamba kwenye muundi. Sisi tuliokuwa likizoni tukapewa kazi ya kutafsiri, maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema Kiingereza, na mjomba anajua Kiswahili na Kiarabu cha sokoni.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Avute pumzi ndefu, kwa sababu mwenye mbavu zilizovunjika huogopa kupumua, na makohozi yakikaa mapafuni huleta nimonia. Achezeshe kifundo cha mguu, damu isigande. Kisha yakaja magongo: asimame, mguu uguse chini, ubebe uzito kidogo tu. Tukaangaliana. Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za bibi. Tukasema, "Mjomba, usikanyage."

Naye ni msikivu, hakukanyaga. Wiki mbili alilala, uji ukimfuata kitandani. Goti likakaza, paja likanywea. Mtaalamu alipomwona tena aliuliza ni nani aliyemwambia alale. Tulinyamaza, halafu tukakiri.

Hakutugombeza. Alileta mizani ya kupimia uzito, akamwonyesha mjomba aweke mguu juu yake na kuukandamiza mpaka mshale ufike kilo 10, basi. Mjomba, mtu wa biashara, akacheka: "Kumbe ni kilo 10! Si mngesema, wanangu?"

Mkewe ndiye aliyetusahihisha. Kukanyaga ni kuweka mguu pamoja na uzito wake. Tungesema, "Gusa chini, usiegemee." Maneno yote matatu tuliyajua tangu utotoni. Tulichokosa ni kumwuliza yeye, aliyekuwa amekaa pale pale.

Siku moja, tukitoka kwenye mazoezi, tulipita kwenye hifadhi ya ndege ya Ras Al Khor. Heroe walikuwa wamesimama majini, wengi kwa mguu mmoja. Mjomba akatazama dirishani: "Na hawa je, nao mmewatafsiria nyinyi?"

Sasa goti linakunjika, ingawa bado anachechemea. Tanzania huduma za namna hii huitwa utengamao, kutokana na kutengamaa, yaani kurudi kukaa sawa. Tunalipenda neno hilo, kwa sababu halimwahidi mtu kupona kwa siku moja.

Ombi letu kwa toleo lijalo: ulizeni nyumbani majina ya viungo vya mwili, na namna ya kueleza maumivu. Yaleteni klabuni kabla hamjayahitaji hospitalini.