Meya wa Dar es Salaam si Joho Tupu

Mwandishi wa makala ya hivi karibuni anadai kuwa meya wa Dar es Salaam amekuwa pambo tangu enzi ya mkoloni, na kwamba serikali zimekuja na kupita bila cheo hicho kumgusa mwananchi. Sikubaliani naye hata kidogo.

Kama ni pambo, kwa nini kila utawala umekigombania? Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na mwanasiasa wa TANU, alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika kabla ya Uhuru, wenyeji walishika baraza lililosimamia huduma za mji. Miaka ya 1970 sera ya madaraka mikoani ikayafuta mabaraza. Huduma za mji zilidorora kiasi kwamba serikali yenyewe iliyarudisha mabaraza ya mijini mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilisafisha jiji, nakiri, lakini mkazi hakuwa na diwani wa kumwajibisha hadi 2000.

Tazama pia 2016: uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa kabla Isaya Mwita wa Chadema hajashinda. Nani huahirisha uchaguzi wa pambo?

Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, Ilala, moja ya manispaa zake, ikapewa hadhi ya jiji pamoja na jina la Dar es Salaam. Sasa mkazi wa Temeke au Kinondoni hana sauti katika kumpata meya anayebeba jina la Dar es Salaam. Makala ile haikugusa hilo kabisa.